Mizunguko Thelathini na Moja ya Kware

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na minane. Daktari amesema moyo wangu umebakiza wiki, si miezi, kwa hiyo naliandika hapa kabla halijazikwa pamoja nami. Kware hakuzunguka kwa sababu ya pezi lililopinda. Kazi ya Marcel ilikuwa safi. Kilichopinda ni gari. Na aliyelipinda gari ni mimi.

Nimeandika! 

Kwa atakayelikuta daftari hili: mwaka 2007 tulikuwa watu kumi na tisa katika hangari moja ya ndege hapa jangwani Mojave, tukitengeneza chombo cha kumpeleka mtu angani bila serikali yoyote kutushika mkono. Tulikiita Kware, kwa jina la ndege wanaokimbia chini ya vichaka vyetu na hawaruki mpaka walazimike. Mimi, Orrin Tuckwell, nilikuwa mtu wa hesabu za uthabiti. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha chombo kinatangulia pua. Marcel Etchart, mtoto wa wahamiaji wa Kibaski, wachunga kondoo, alilitengeneza pezi la mkia kwa mikono yake, kwa nyuzi za kaboni na gundi. Ramona Beal alikuwa rubani.

Tarehe 21 Septemba Kware alipanda. Alipofikia kasi mara tatu ya sauti akaanza kuzunguka kama pia ya mtoto. Mizunguko thelathini na moja! Ramona akamtuliza, akafika angani, akarudi, akatua. Dunia ikapiga makofi. Baadaye wachunguzi wakapima na kukuta pezi limegandishwa nusu digrii nje ya mstari. Hakuna aliyesema jina. Wote walimtazama Marcel.

Leo imekuja barua ya kamati ya uwanja wa ndege. Jumamosi Kware atapandishwa darini, kwenye ukumbi mpya, na chini yake litawekwa bamba la shaba. Sisi wazee tumeletewa maandishi tuyahakiki kabla hayajachongwa. Mstari wa nne: "Chombo kilizunguka mara 31 kwa sababu pezi la mkia lilijengwa likiwa limepinda." Shaba! Karatasi huoza. Shaba haiozi. Marcel ana miaka themanini na minne, na atasimama chini ya sentensi hiyo amevaa tai.

Lazima ibadilishwe. Bila kunitaja, bila shaka. Nina mpango.

Mpango wa Kwanza: upepo. Mji huu kila kitu husingiziwa upepo. Nikampigia simu Bi Verna Stubbs, katibu wa kamati. Kwa sauti ya kitaalamu nikamwambia hesabu mpya zinaonyesha dharuba ya ubavuni, kali, ya ghafla. Akafurahi mno. Alisema afadhali upepo, maana upepo hauna wajukuu wa kuja kulalamika ofisini kwake. Nikakata simu nikijiona bado ndiye mwenye akili kuliko wote mjini.

Saa kumi jioni akapiga tena. Ameshampigia Marcel kumpa habari njema.

Kuna pia karatasi ndani ya kopo la kahawa. Hiyo baadaye, nguvu zikiruhusu.

Jumanne, 14 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Marcel mlangoni, fimbo mkono mmoja, mkate wa duara mkono wa pili. Hakusalimu. Aliuliza Profesa, ndivyo anavyoniita, amekuwa wakili wake tangu lini.

Nikajibu kwamba ni suala la sayansi tu.

Akasema eti sayansi! Siku ile huko juu hapakuwa na upepo wa kutosha kupeperusha unyoya wa kuku, na mimi, Orrin, nalijua hilo, kwa sababu puto la kupimia upepo nililirusha mimi mwenyewe, nikalisifu mimi mwenyewe, nikatia sahihi mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimesahau puto.

Akaketi bila kukaribishwa, akakata mkate kwa kisu chake kana kwamba nyumba yangu haina visu. Binti yangu Lorna akaleta siagi. Marcel akamwambia baba yako amezeeka vibaya, binti, sasa anawaonea watu huruma. Lorna akasema kwangu mimi huruma hiyo haijafika. Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimekaa palepale!

Kisha sauti yake ikashuka. Anasema kila asubuhi huinua mikono yake na kuitazama. Miaka arobaini ilimtii, siku moja tu ikamsaliti, tena kimyakimya, bila kumwambia. Tangu wakati ule hajajenga kitu. Hata banda la kuku alimwita fundi. Mbaski, kumwita fundi wa banda la kuku! Akasema niache upuuzi wa upepo. Pezi ni lake, lilipinda, basi.

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari juu ya ulimi. Nikaweka mkate juu yake. Mkate mtamu sana.

Nilimwangalia dirishani akiondoka. Anaendesha pikapu ileile! Aliichukua hangari ilipofungwa. Bado inakwenda upande upande kama mbwa aliyeona mfupa kando ya njia.

Naeleza sasa, maana bila hili hakuna kitakachoeleweka. Wenye serikali hupima mapezi ndani ya nyumba kubwa za kupulizia upepo. Sisi hatukuwa na nyumba hiyo. Tulikuwa na pikapu. Tulilisimamisha pezi mbele ya boneti, tukalifunga mizani ya samaki kila upande, na alfajiri, kabla upepo haujaamka, tukaipiga mbio njia ya kurukia mpaka kilomita mia na thelathini kwa saa. Pembe ambayo mizani zote mbili zilinyamaza, hiyo ndiyo tuliyoiita sifuri. Tukachora alama kwenye kitako cha pezi. Marcel akaligandisha pezi juu ya Kware kwa kufuata alama hiyo, na gundi ikaifunika milele. Watu walitoka mbali kuja kuona. Tulijivuna kupita kiasi.

Sasa, gari likiwa linakwenda upande, sifuri yake nayo iko upande. Nani mwingine ulimwenguni angekosea chombo cha angani kwa sababu ya chasisi ya pikapu? Sisi tu.

Na chasisi ilipindaje? Naona haya. Marcel alikuwa na kishale cha upepo juu ya paa lake, jogoo wa bati aliyemkata mwenyewe. Kila alfajiri hangari nzima ilimuuliza jogoo yule kama siku inafaa kwa majaribio. Mimi nilikuwa na vyombo saba vya kupimia upepo. Hakuna aliyeniuliza! Jumapili moja, kabla pezi halijapimwa, Marcel akiwa kanisani, nikachukua pikapu ya majaribio, nikaenda kumpinda jogoo kidogo. Kidogo tu, ili akosee. Ngazi ikawa fupi. Mbwa akabweka. Nikaingia garini, nikarudi nyuma kwa kasi, nikagonga nguzo ya chuma ya geti. Taa haikuvunjika. Rangi haikuchubuka. Nikasema moyoni: salama.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa Pili. Mzuri kuliko wa kwanza. Ukweli ujigundue wenyewe!

Nikampigia Marcel. Nikamwambia jana nimeona tairi zake zimelika upande mmoja, ni hatari, mzee wa umri wake, ampelekee fundi Ybarra gari alipime. Marcel akasema tairi hizo zimelika upande huohuo miaka kumi na minane, wameshazoeana. Nikasisitiza. Akasema sawa, sawa, Profesa, usije ukafa kwa ajili ya tairi zangu.

Mahesabu yangu yalikuwa haya: Ybarra atapima, atasema hili liligongwa zamani. Marcel atauliza zamani lini. Marcel si mjinga. Ataweka gari na alama na pezi kwenye mstari mmoja, na kufikia jioni atajua kwamba mikono yake haikumsaliti. Atashuku mtu yeyote kati ya kumi na tisa. Kwa nini anishuku mimi?

Nikakaa karibu na simu, hewa ya oksijeni ikinipuliza puani. Lorna akauliza nangoja nini. Nikasema sayansi.

Saa nane mchana simu ikalia. Marcel, furaha tupu! Ybarra ameliweka gari kwenye mashine, akacheka, akaita wenzake waje waone, na kabla ya chakula cha mchana akawa ameshainyoosha chasisi yote. Heshima kwa wazee wa Kware, amesema. Sasa linakwenda kama treni. Marcel anasema mwanzoni aliogopa. Alihisi kama watu wameihamisha barabara.

Nikamuuliza kama Ybarra alisema lilipindwa na nini. Akasema hakuuliza. Gari kuukuu, nani aulize?

Ushahidi wa pekee uliobaki duniani. Umenyooshwa! Kwa ushauri wangu!

Chakula cha jioni: supu. Sikumaliza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mpango wa Tatu: barua isiyo na jina. Kwa Ramona, kwa sababu Ramona akisema kitu hata upepo husimama kusikiliza. Niliandika kwa mkono wa kushoto. Nikaeleza gari, alama, sifuri ya uongo. Sikutaja nguzo wala jogoo. Nikaandika "dereva asiyejulikana". Nilipendezwa sana na hilo.

Nikamwomba Lorna aitumbukize kwenye sanduku la barua la Ramona, asiulize maswali. Akauliza kama katika umri wa miaka themanini na sita nimeanza kuandika barua za mapenzi. Nikasema ndiyo, ili asifungue.

Dakika arobaini baadaye Ramona alikuwa sebuleni kwangu. Ana miaka sitini na minane, nywele zote nyeupe, bado hutembea kama mtu anayekwenda kuwasha injini. Aliinua barua. Akauliza ni nani mwingine katika wilaya nzima ya Kern anayeandika barua isiyo na jina halafu akatia namba za kurasa. Na ni nani mwingine anayemalizia kwa kusema "nusu digrii, zaidi au pungufu ya sehemu mbili za kumi".

Nikamjibu kwamba kipimo kisicho na mipaka ya makosa si kipimo.

Akasema, "Orrin, ni wewe."

Nikasema ni mimi. Nikamweleza yote, hata jogoo. Nilitegemea apige kelele. Alikuwa ndani ya kile chombo! Hakupiga. Aliuliza swali moja tu: nilijua lini?

Nikasema miaka miwili baada ya safari, nikipekua karatasi za zamani.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Halafu akasema kesho saa tatu atanifuata, nivae koti, hangarini ni baridi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijui kama nitaweza kuandika hili sawasawa.

Kware yuko chini, siku yake ya mwisho chini. Kesho watampandisha darini. Ramona alisukuma kiti changu cha magurudumu mpaka karibu na bawa, akaniacha nimtazame. Nilikuwa nimesahau udogo wake. Hazidi gari la kubebea maziwa. Tumbo limeungua rangi ya chungu. Madirisha ya duara, madogo kama visahani. Tulikula chakula cha mchana juu ya bawa lile. Marcel alikuwa akifuta makombo kwa kiganja, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Na kitu hiki, gundi na nyuzi na mizani ya samaki, kilitoka nje ya dunia. Kikarudi na mtu hai ndani yake.

Nilimuuliza Ramona jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: ilikuwaje?

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema mwanzoni pua ilikwenda kando, kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo aliposikia jina lake. Akakanyaga usukani wa mkia. Hakuna kitu. Alikanyaga hewa.

Hapo najua kwa nini. Chini, hewa ni nzito na pezi lina nguvu. Hukishika chombo pua mbele, na nusu digrii hubaki kuwa nusu digrii. Kadiri kasi inavyopanda, pezi hulegea. Unafika mahali halina nguvu karibu kabisa, na palepale ule upindo mdogo uliokuwa ukinyamazishwa unashika usukani. Nusu inakuwa tano. Pua ikienda kando, bawa moja hutangulia kukutana na upepo, likainuka. Chombo kikalala ubavu, kikapinduka, kikaendelea.

Ramona akasema mzunguko wa kwanza alimwita mama yake. Wa pili alizima woga kwa kusoma namba za kwenye vioo vya vipimo, kwa sauti. Kufikia wa tisa woga ulikuwa umekwisha, haujui ulikokwenda. Dirishani ilikuwa jangwa, bahari, weusi, jua. Jangwa, bahari, weusi, jua. Kila jua lilipopita lilimulika mikono yake kama mtu anayempiga picha. Weusi ukazidi kuwa mweusi. Halafu injini ikanyamaza, akasikia kwamba hakuna hewa tena nje, kimya cha namna ambayo hajakisikia tangu siku ile, na Kware bado anazunguka ndani ya kimya hicho, polepole kama ngoma ya harusi. Akashika vipulizi vidogo vya gesi, vidole viwili. Pff. Akangoja. Pff. Akangoja. Dunia nzima ikapunguza mwendo, ikasimama mbele yake, imejipinda pembeni, yenye mwanga.

Alisema, "Nikaiambia: haya, umetulia sasa?"

Nililia. Oksijeni ikaziba. Ilibidi anipige mgongoni.

Nilipopata pumzi nikamuuliza kama ana hakika ni thelathini na moja. Haikuwa thelathini na mbili? Akasema hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuhesabu.

Kisha akaniinamisha nichungulie kwenye kitundu cha ukaguzi, chini ya pezi. Akamulika tochi. Sisi hapa, kabla ya kufunga kitu kisichofunguliwa tena, aliyekijenga hutia sahihi ndani. Ilikuwepo. Kwa penseli: M. Etchart. Herufi zimesimama wima kama askari.

Ramona akaniambia Marcel ameiomba kamati ruhusa. Kesho, kabla Kware hajapandishwa, ataingiza mkono humo na kulifuta jina lake kwa msasa. Hataki lining'inie juu ya vichwa vya watu milele. Kamati imekubali.

Akasema kesho nitasema mwenyewe, mbele ya watu. Nisiposema atasema yeye, na ataisoma barua yangu pamoja na namba zake za kurasa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mpango wa Nne ulikuwa kuzimia.

Si woga. Mzee akizimia wakati wa sherehe, sherehe huahirishwa. Ikiahirishwa, msasa unaahirishwa. Nilipata usingizi mzuri kwa wazo hilo.

Watu mia tatu. Upepo mkali, milango inagonga, Bi Stubbs ameshika kofia na hotuba kwa mkono mmoja. Marcel alisimama kando ya kiti changu, tai nyekundu. Bi Stubbs aliposema sasa Bwana Etchart ana jambo dogo la kufanya kabla ya kamba kuvutwa, nikainuka, nikalegeza magoti, nikaanza kuanguka. Kwa ustadi. Marcel akanidaka kwenye ukosi. Akaninong'oneza, "Simama wima, Profesa, unanikanyaga."

Pale, uso wangu ukiwa kifuani kwake, nikauona msasa. Ulikuwa mfukoni mwa shati, umekunjwa mara nne, mpya. Alikuwa amechagua ule mlaini kabisa. Ili asiliumize pezi.

Nikasema. Sijui nilianzaje. Nilisema pezi limenyooka. Nilisema gari. Nilisema nguzo ya geti, Jumapili, mbwa. Nilisema Marcel Etchart alifuata alama, na alama niliipinda mimi, na mikono yake haikumsaliti hata siku moja. Kipaza sauti hakikuwepo. Lakini ukumbi ule umejengwa kwa bati, na bati hurudisha kila neno.

Marcel akauachia ukosi wangu. 

Akasema, "Ulitaka kumpinda jogoo wangu?"

Nikasema kidogo tu.

"Jogoo alikukosea nini?"

Nikasema alikuwa sahihi kila siku.

Hapo akaniita majina ya Kibaski ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu sijui tahajia yake. Alinitikisia fimbo mbele ya pua. Miaka kumi na minane, akasema! Kuku wangu wanalala kwenye banda la mtu mwingine! Kisha fimbo ikamponyoka. Akaenda mpaka kwa Kware, taratibu, akaweka viganja vyote viwili juu ya pezi. Akavitazama. Alisimama hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika, na watu mia tatu wakaangalia viatu vyao. Msasa akamtupia Bi Stubbs.

Wakavuta kamba. Kware akapanda mara ya mwisho, akiyumba kidogo, jina likiwa ndani yake. Akageuka taratibu juu ya vichwa vyetu, nusu mzunguko, akatulia. Nilisikia mia tatu wakivuta pumzi pamoja. Nilivuta nami.

Halafu, jambo nisilolitegemea. Wakanipigia makofi! Bi Stubbs akasema ni ushujaa. Ybarra akanipa mkono. Kijana wa gazeti akauliza jina langu linaandikwaje. Lorna akanibusu kipara.

Marcel hakupiga makofi. Wakati wa kuondoka akapita karibu na kiti, akasema Jumatatu anaanza kujenga banda jipya la kuku, na mimi nitakaa palepale kwenye kiti changu nimshikie timazi ya kunyooshea kuta. Akasema nisijaribu kulipigia hesabu.

Jumapili, 19 Oktoba

Asubuhi njema. Nimekula mayai mawili.

Nimempigia Bi Stubbs kuhusu bamba. Halijachongwa bado. Nimependekeza kwa unyenyekevu: "Kosa la gari la majaribio liligunduliwa na mhandisi O. Tuckwell." Amesema kweli, niligundua. Amesema ataongeza "kwa uadilifu". Sikumkatalia.

Ramona alipita baada ya kanisa. Hakuketi. Aliuliza tena, mkono kwenye kitasa: nilijua lini? Nikasema nilishamwambia, miaka miwili baadaye. Akasema sawa, Orrin. Akafunga mlango polepole.

Basi, kopo la kahawa. Nimemwomba Lorna alishushe. Nimemwomba na penseli.

Tarehe 20 Septemba 2007, Alhamisi, alfajiri, niliteremka peke yangu kwenye njia ya kurukia. Upepo ulikuwa umemwaga vumbi jembamba juu ya lami, na pikapu ilikuwa imepita. Gari lililonyooka huacha mistari miwili, gurudumu la nyuma linalala juu ya la mbele. La pikapu halikulala. Lilitoka pembeni upana wa kidole gumba, mita baada ya mita, mpaka mwisho wa macho. Nikachuchumaa na rula. Kidole gumba kwa urefu wa gari lile ni nusu digrii. Nikaikumbuka nguzo. Nikafuta mistari kwa kiatu, hatua mia moja na zaidi, nikakaa chini nikapiga hesabu mpaka saa sita.

Ningesema, pezi lingekatwa. Miezi sita, labda mwaka wa kungoja. Nilikuwa na miaka sitini na minane na moyo tayari ulikuwa ukiruka mapigo. Nilitaka kumwona akipanda. Na kesho yake nilimwona. Mstari mweupe uliopaa moja kwa moja kutoka kwenye bluu, halafu ukaanza kusuka kama kamba, kila msokoto unametameta juani, na watu kando yangu wakapiga mayowe, na Marcel akapiga magoti mchangani. Mimi nilisimama. Midomo yangu ilikuwa ikihesabu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, wala sitakiona. Mkinipa alfajiri ile tena, kiatu changu kinajua cha kufanya.

Lakini nashindwa kuelewa. Ramona anasema thelathini na moja, na Ramona hakosei. Nimeipitia hesabu leo mara tatu, Lorna ananigombeza nipumzike. Uzito sahihi. Kasi sahihi. Pengine ni gesi, pengine alipuliza mapema kidogo. Kuna mzunguko mmoja sijui umekwenda wapi.

Karatasi iko hapa mbele yangu, rangi ya chai. Juu kuna tarehe, siku moja kabla ya safari. Chini, kwa mwandiko wangu wa mkono wa kulia, uliopigiwa mistari miwili: Kware atazunguka mara thelathini na mbili.